Kucheza Bila Kuangaliwa

Msusi alirudi nyumbani baada ya miaka sita ya kazi za ndani ughaibuni, na jambo la kwanza lililowashangaza watu wa nyumba ile ni kwamba alikuwa amesahau kukaa.

Chakula kilipoandaliwa alisimama kando ya mlango wa jikoni, mikono ameikutanisha mbele, macho kwenye sahani za wenzake. Sahani ikikaribia kuisha, yeye alikwisha kuisogelea. Mumewe, mwashi ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alimvutia kiti. Msusi alishukuru, akakaa ukingoni kama mtu anayengoja kuitwa kwenye foleni ya hospitali, na baada ya tonge chache alikuwa wima tena.

"Wifi," dada yake Fundi alisema akicheka, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mbona umejipa jembe tangu siku ya kwanza? Kaa bwana, kiti hakina miiba."

Wote wakacheka, Msusi naye akacheka. Lakini Fundi alipokoroga chai, akakigonga kikombe kwa kijiko, kicheko kilimkatikia mdomoni. Aliruka, akaitikia kwa lugha ya huko alikotoka, neno moja fupi ambalo hakuna mwingine mezani aliyelijua. Kisha akabaki amesimama katikati ya chumba, hajui aende wapi, maana hakuna aliyemwita.

Mtoto wao aliinua uso kutoka kwenye sahani. "Mama wa Simu anaongea na nani?"

Hilo ndilo jina alilompa. Mama yake alipoondoka, alikuwa anajifunza kutembea kwa kushika kuta. Sasa alikuwa anang'oka meno ya mbele. Mama, kwake, alikuwa ni shangazi yake, aliyembeba mgongoni, akamkesha na homa, akampeleka shule siku ya kwanza. Huyu mwingine alikuwa uso uliotokea kwenye simu siku za mapumziko, ukiuliza "umekula nini leo?" kisha ukaganda mdomo wazi mtandao ulipokuwa mbaya. Mtoto hakuwa na chuki naye. Aliongea naye kwa adabu, akimshukuru kwa kila kitu, kama alivyofundishwa kuongea na wageni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Msusi. Kila mtu alimwambia hivyo. Fedha alizokuwa akituma ndizo zilizopandisha kuta. Vyumba vya mbele vilikuwa na mabati na saruji iliyolainishwa vizuri, kwa mkono wa Fundi mwenyewe. Vya nyuma vilikuwa bado havijaezekwa, kuta zake zikitazama mawingu. Hata hivyo mwenye nyumba aliomba ruhusa ya kufungua kabati. Aliuliza kama anaweza kuoga. Siku moja alihamisha kopo la chumvi, na wifi yake akalirudisha mahali pake bila kusema neno, na Msusi akaomba radhi.

Kitandani alilala ukingoni, amenyooka kama fimbo. Fundi alikuwa mtu mpole, mzito wa maneno. Katika wiki za mwanzo alinyoosha mkono, akagusa bega lake, akakuta limekakamaa kama tofali. Akaurudisha mkono. Wote wawili wakajifanya wamelala.

*

Mgongo ulianza kumuuma. Zahanati walimpa vidonge, vidonge vikaisha, maumivu yakabaki. Jirani yao muuza nyanya, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika barabara ya pili, ndiye aliyemwambia, "Njoo na mimi Alhamisi jioni. Tunacheza."

"Mimi? Kucheza? Umri huu?"

"Umri gani? Kwani nimekuambia tunaolewa?"

Walikutana katika darasa la chekechea baada ya watoto kwenda nyumbani. Viti vidogo vilikuwa vimesukumwa ukutani, juu yake picha za wanyama zilizochorwa kwa rangi za kutapakaa. Wanawake walikuwa wachache: muuza nyanya, mwalimu mmoja, mjane mmoja, wawili watatu wengine. Aliyewaongoza alikuwa mkunga mstaafu, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kabisa. Alikuwa na redio ndogo, na mara nyingi hakuiwasha.

Msusi alipoingia, aliona fagio pembeni. Kabla hajasalimia alikuwa ameshalishika, anafagia.

Mkunga alimwendea, akalichukua fagio taratibu. "Leo liache vumbi lipumzike, mwanangu. Na wewe pumzika nalo."

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Umevunja nini?"

Msusi alitazama mikono yake iliyobaki mitupu.

Hapakuwa na mitindo ya kufuata. Mkunga aliwaambia wavue viatu, wafumbe macho, wasikilize nyayo zao zilivyokaa sakafuni. Unaegemea mguu upi? Pumzi inaishia wapi, kifuani au tumboni? Usirekebishe, jua tu. Kisha kiungo chochote kikitaka kwenda mahali, kiache kiende, nawe ukifuate kama mama anavyofuata mtoto aliyeanza kutambaa, bila kumvuta.

"Miaka yangu yote leba," alisema, "mwanamke akishikwa na uchungu nilimwambia atikise nyonga. Wengine waliona aibu. Nikawaambia, mwili unajua kazi yake, ni wewe tu unayeupigia kelele. Wakishazaa wanasahau tena. Wanaubeba mwili kama mzigo wa mtu mwingine. Basi hapa tunaukumbuka. Hakuna anayekuangalia. Hata mimi nafumba macho."

Jioni ile Msusi alisimama tu. Alisikia wenzake wakisogea, kanga zikipepea, muuza nyanya akihema na kucheka peke yake. Yeye mwili wake haukutaka kwenda popote. Kitu kimoja tu alikigundua, nacho kilimtisha: mkono wake wa kulia ulikuwa umefunguka mbele ya tumbo, kiganja juu, vidole vimetandazwa. Ulikuwa umeshika sinia. Hapakuwa na sinia. Aliushusha, ukapanda tena wenyewe.

Njiani kurudi muuza nyanya alimuuliza, "Umeonaje?"

"Nimeona mkono wangu haujarudi nyumbani," Msusi alisema. "Uko kule bado."

*

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Nyumbani alisema anakwenda kwa muuza nyanya, na haukuwa uongo kamili.

Kidogo kidogo alianza kujijua. Aligundua kwamba akisikia hatua nyuma yake, pumzi hukatika. Aligundua kwamba taya zake zilikuwa zimeumana tangu asubuhi hadi jioni, na siku alipoziachia kwa mara ya kwanza aliona kama uso wote utamdondoka. Mkunga hakumwambia aache. Alimwambia, "Sinia likija, licheze. Lizungushe. Likikuchosha utaliweka mwenyewe." Akalizungusha sinia lile lisilokuwepo, akalipandisha kichwani, akalipeleka huku na huko hadi akacheka kwa sauti, peke yake, kwenye giza la macho yake.

Kisha ikaja jioni ambayo mikono ilikataa sinia. Ilikunjana kifuani, mmoja chini, mmoja juu, na mwili ukaanza kuyumba kutoka mguu hadi mguu. Msusi aliutambua uzito ule kabla hajautaja. Ulikuwa uzito wa mtoto wa mwaka mmoja na kitu, aliyelala, kichwa kimeegemea bega la kushoto, mate yanalowesha gauni. Ndivyo alivyombeba asubuhi ile ya kuondoka, kabla ya kumkabidhi kwa wifi yake akiwa bado usingizini ili asilie.

Miaka sita alikuwa amemkumbuka huyo. Picha zilipotumwa, za mtoto anayekua, alizipenda kama mtu anavyopenda picha. Lakini usiku, kwenye chumba chake kule ughaibuni, aliyemlilia alikuwa yule mdogo wa mate begani. Na sasa, akiyumba katikati ya darasa, alielewa kwamba mtoto yule aliyemwacha hayupo tena duniani, ingawa hajafa. Hakuna ndege ya kumrudisha kwake. Aliyeko nyumbani ni mwingine, ana mapengo, anachagua vitunguu kwenye mchuzi, na hawajafahamiana.

Alilia hadi akakaa chini. Alikaa sakafuni kabisa, miguu ameinyoosha, na hakuna aliyemwinua. Mjane alikuja akakaa karibu naye, mgongo kwa mgongo, wakahema pamoja.

Tangu siku hiyo aliacha kumwambia mtoto "niite mama". Aliacha pia kumnunulia peremende. Alianza kumuuliza maswali kama unavyomuuliza mtu mpya: unapenda nini, unaogopa nini, rafiki yako shuleni ni nani na kwa nini mmenuniana. Mtoto alishangaa, kisha akajibu, kisha akaanza kujibu zaidi ya alivyoulizwa.

Jumapili moja Msusi alimwendea wifi yake aliyekuwa anatafuta kitana. "Wifi, naomba leo nimsuke mimi."

Wifi alikipata kitana, akakishikilia. Nywele za mtoto zilikuwa zake miaka yote hiyo. "Anapenda mistari ya kurudi nyuma," alisema hatimaye. "Na usimvute hapa juu ya sikio, ana kidonda cha zamani."

"Utaniumiza?" mtoto aliuliza, akiwa ameshakaa kati ya magoti yake.

"Nikikuumiza niambie, nitaacha."

Kabla hajaanza kusafiri, kazi yake ilikuwa hiyo. Ndiyo maana watu walimwita Msusi. Vidole vilikuwa vizito, lakini vilikumbuka. Mtoto alisinzia akiegemea paja lake. Wifi alisimama mlangoni akiwatazama, kisha akaenda uani kufua nguo zilizokuwa safi.

*

Ndipo wakala aliyempeleka ughaibuni alipopiga simu. Ile familia ya kule ilikuwa inamtaka tena. Bibi mwenye nyumba amejifungua, na hataki mtu mwingine ila yeye. Fundi ndiye aliyeipokea. Alileta habari mezani, akiwa anatazama sahani yake.

"Wameongeza mshahara. Ni mkataba mfupi. Paa lingekwisha, tungeweka na madirisha."

"Si mbaya," wifi alisema haraka. "Mtoto yuko salama hapa. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na hiyo kazi mimi nimeshaizoea."

Methali ile ilitua mezani kama kisu. Wifi mwenyewe aliisikia, akainama.

"Mimi sijasema uende," Fundi aliongeza. "Nasema tu... mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama miaka sita, Baba," Msusi alisema polepole. "Mgongo umesahau njia ya kurudi."

Aliwapa jibu hilo tu. Akasema atafikiri.

Kesho yake, kwenye jengo alikokuwa anajenga, mpanga matofali mmoja alimtania Fundi mbele ya wenzake: "Mzee, shemeji siku hizi ni mcheza ngoma? Mke wangu amemwona pale chekechea, macho amefumba, kiuno kinasema chenyewe. Ughaibuni wamemfundisha mambo!" Watu wakacheka. Fundi aliendelea kupiga lipu, lakini ukuta ule ulitoka na mawimbi, ikabidi abandue aanze upya.

Alhamisi alitoka kazini mapema. Alikwenda moja kwa moja chekechea, nguo zina saruji, maneno ya kusema ameshayapanga. Dirisha lilikuwa wazi. Alisimama pale.

Mkewe alikuwa karibu na ubao, miguu peku. Hakukuwa na muziki. Alikuwa anazunguka taratibu, mkono mmoja umeinuka kama unaomba njia katikati ya watu, shingo imelegea, mdomo umefunguka kidogo. Hapakuwa na uchafu wowote aliousema yule mpanga matofali. Fundi aliuona ule uso na akaujua. Ndio uso wa msichana aliyekuwa akisuka kibarazani enzi zile, akiimba bila kujua kwamba anaimba, wakati yeye anapita na toroli la mchanga mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Alikuwa amengoja uso huo ushuke kwenye ndege. Ulioshuka ulikuwa mwingine, naye akadhani ule wa kwanza umekufa huko.

Maneno yake yote yalimpotea. Akaondoka kimyakimya, akatembea mitaani hadi kiza kikaingia.

*

"Nimekuona leo," Fundi alimwambia wakiwa wawili.

Msusi alikaza taya. Akazisikia zinakazana, akaziachia. "Umeona nini?"

"Sijui nimeona nini." Alikuna saruji iliyokauka kwenye kidole. "Nimeona mtu nikamwonea wivu. Hapa ndani hajawahi kuja, yule."

"Anakuja. Anakuja polepole."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Mume wangu, nakwenda kujitafuta? Ungecheka."

"Ningecheka," Fundi alikubali.

Kisha Msusi akasema, bila kupandisha sauti, "Siendi, Baba. Nimejaribu kufikiri kwa kichwa, kichwa kinahesabu mabati. Nikafumba macho nikaitaja ile nyumba. Magoti yakafunga. Pumzi ikakatika. Mwili ulisimama wima kama askari. Mtu hawezi kurudi mahali ambapo mwili wake unageuka mlango wa watu kuingia na kutoka. Nitasuka. Paa litakuja bati kwa bati, hata likichukua miaka."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Msusi alidhani yamekwisha.

Kumbe hayakuwa yamekwisha. Zilipita wiki kadhaa, zikiwa njema kuliko zote. Wateja wawili watatu walianza kuja kibarazani. Siku moja Msusi alikula sahani nzima akiwa amekaa, hakuna aliyesema kitu, ila wifi alimwongezea mchuzi. Kisha jioni moja Fundi akaja na karatasi za wakala. Kule walikuwa wanatafuta waashi. Alikuwa ameshasaini.

"Wewe?" Msusi aliuliza. "Wewe uende?"

"Ni mwaka na miezi. Nikirudi tutaezeka."

"Nilikataa ili tukae pamoja. Sikukataa ili tubadilishane zamu!"

"Sasa mimi nilaleje?" Sauti ya Fundi ilipanda, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Kila nikitazama juu naona bati ulilolinunua umepiga magoti kwenye sakafu ya watu. Nilikuwa nazipokea zile fedha nikijiambia uko salama, unakula vizuri. Sikuuliza. Niliogopa kuuliza. Niache na mimi nibebe."

"Hicho ni kiburi."

"Basi ni kiburi. Kiburi changu."

Wifi, aliyekuwa jikoni, alianza kulia kwa sauti ya chini. Mtoto aliuliza, "Nani anaondoka?"

*

Mchana wa kabla ya safari, wifi alimshika mtoto mkono, akasema wanakwenda dukani na watachelewa kidogo. Hakumtazama mtu usoni aliposema hivyo. Nyumba ikabaki kimya.

Fundi alikuwa kwenye chumba cha nyuma, kile kisicho na paa, anapapasa kuta kama anaziaga. Msusi alimfuata. Jua lilikuwa limeegemea ukuta mmoja. Mwingine ulikuwa kivulini.

"Nifundishe," Fundi alisema.

"Nini?"

"Hilo mnalofanya. Sitacheka."

Msusi alimwambia avue viatu. Alimwambia afumbe macho. Fundi alisimama kama nguzo ya umeme, ngumi zimefumbwa, uso umekunjamana kama mtoto anayedungwa sindano, na Msusi ndiye aliyecheka.

"Huna haja ya kukaza. Sikiliza tu. Wapi pazito?"

Alichukua muda mrefu. Mahali fulani jirani alikuwa anapasua kuni. "Hapa," alisema mwishowe, akagusa koo. Kisha mkono ukashuka wenyewe hadi kifuani, ukatulia. "Na hapa. Miaka yote ile nililala upande wangu tu wa kitanda. Upande wako sikuwahi kuugeukia. Dada alitandika, nikamwambia asiukunje ule mto."

Hakuwa amewahi kusema maneno mengi namna hiyo kwa pamoja. Machozi yalimtoka kwenye macho yaliyofumbwa, akayaacha.

Msusi naye akafumba macho yake. Hakumshika. Alisogea tu hadi akasikia joto lake, na mwili wa Fundi ukaanza kuyumba, mzito, bila mpango, kama kabati linalosogezwa na watu wawili wasioelewana. Bega lake likagusa la Msusi. Halikukakamaa. Waliyumba hivyo wakiegemeana, wakipoteana na kukutana tena, hadi kivuli kikahamia ukuta wa pili. Msusi alijua kwamba huu ndio mwanzo aliokuwa akiungoja tangu ashuke kwenye ndege, na kwamba unaanza leo kwa kuwa kesho Fundi hatakuwepo.

*

Walimsindikiza hadi kituoni asubuhi. Mtoto alimkumbatia baba yake kiunoni, kisha, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuweka uso wake, akaugeuza kwenye gauni la Msusi, akalia humo. Wifi alimwona. Akaweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto, na mkono wa Msusi ulikuwa pale tayari, ikawa mmoja juu ya mwingine.

Fundi alibeba begi akaelekea kwenye basi. Msusi alimtazama akitembea kwenye ule umati, na aliona jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona sawasawa: bega lake la kulia lilikuwa limeshuka chini ya lile la kushoto, kwa miaka ya ndoo za zege, na mguu wake wa kushoto ulichelewa kidogo kila hatua, kama unamngoja mtu. Hakugeuka. Msusi alikuwa amemwomba asigeuke.

Alhamisi Msusi alikwenda chekechea. Alivua viatu, akafumba macho, akangoja. Kwa muda mrefu hapakuja kitu. Kisha bega lake la kulia likaanza kushuka. Halikuwa la kwake. Mguu wa kushoto ukachelewa, ukaja, ukachelewa tena. Alikuwa anatembea kuzunguka lile darasa dogo kwa mwendo wa mwanamume mzima, mzito, aliyebeba maisha yake yote upande mmoja, na kila hatua ilimuuma mahali ambapo vidonge vya zahanati havingefika.

Wengine walikuwa wamekwisha kumaliza. Wamekaa ukutani kwenye vile viti vya watoto, wakisikia nyayo zake. Yeye hakujua. Mkunga alifumbua macho, akamtazama kidogo, kisha akamkaribia.

"Huyo ni nani, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mume wangu, mama."

"Yuko mbali?"

Msusi alitikisa kichwa bila kusimama. Bega chini, mguu unangoja.

"Hapana," alisema. "Sasa hivi yuko hapa. Usiniambie nifumbue."